Kijana wa Mjini Huchorwa na Anayelipa

Mwaka 2012 Kenya ilipeleka filamu kuwania tuzo ya Oscar kwa mara ya kwanza, katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Iliyochaguliwa ni Nairobi Half Life ya mwongozaji David "Tosh" Gitonga: wizi wa vipuri, uporaji wa magari kwa bunduki, ukahaba, askari wala rushwa, vijana wanaokufa kwa risasi. Miaka sita baadaye bodi inayokagua filamu nchini humo ikapiga marufuku filamu nyingine ya vijana wa Nairobi, Rafiki ya Wanuri Kahiu. Hiyo haina genge wala gari linaloporwa. Wahusika wakuu, Kena na Ziki, ni wasichana wanaopendana, na baba zao wanagombea kiti kimoja cha kisiasa. Bodi ilisema filamu inahimiza usagaji kinyume cha sheria. Lakini Kahiu alieleza jambo jingine, na kwangu hilo ndilo kiini cha kisa kizima: alitakiwa abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Akakataa.

Kijana anayeiba, na ambaye wenzake wanauawa, alikwenda Hollywood kuiwakilisha nchi. Msichana anayependa, anayepigwa, na ambaye mwishoni bado ana kitu cha kutarajia, alifungiwa mlango nyumbani kwao. Walioichagua filamu ya kwanza na walioifungia ya pili hawakuwa watu wale wale, wala hawakukaa kikao kimoja. Hata hivyo maamuzi yao yanaonyesha mpaka ambao vijana wa miji yetu wanaujua hata kama hawajawahi kuusikia ukitajwa. Kwenye filamu, kijana wa mjini anaruhusiwa karibu kila kosa, mradi alipie kabla taa za ukumbi hazijawashwa.

Mjadala wetu wa kila siku kuhusu filamu hauugusi mpaka huo. Sisi huuliza kama filamu fulani inawaharibia vijana maadili, au kama inaichafua Nairobi machoni pa wageni. Ni maswali ya mzazi na ya ofisa wa utalii, na wote wawili wana haki ya kuuliza. Mchambuzi wa vyombo vya habari anaanzia kwingine. Picha hii ya kijana imetengenezwa wapi, kwa fedha za nani, kwa ruhusa ya nani, na mtazamaji amewekwa asimame upande gani anapoitazama?

Aliyetupa njia nzuri ya kuanza ni Stuart Hall, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyekwenda Uingereza kusoma mwaka 1951 na baadaye akakiongoza Kituo cha Taaluma za Utamaduni wa Kisasa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Katika makala yake ya mwaka 1973 kuhusu televisheni, Hall alipinga dhana kwamba ujumbe hutoka kwa mtoaji na kumfikia mpokeaji ukiwa mzima kama ulivyotumwa. Mtengenezaji husimba maana ndani ya picha kwa kutumia mazoea ya kazi yake, fedha alizonazo na mambo anayoyaona ya kawaida. Mtazamaji naye husimbua kwa maisha yake. Anaweza kuipokea maana kama ilivyokusudiwa, anaweza kukubali nusu na kubishana na nusu, au anaweza kuisoma picha kwa kuipinga moja kwa moja.

Anayeona nadharia hiyo ni ya Ulaya tu na akumbuke vibanda vyetu vya video. Dar es Salaam kulikuwa na Lufufu, Kenya kuna DJ Afro, Uganda kuna kundi zima la wasimulizi wa aina hiyo. Sauti ya filamu ya Marekani, Hong Kong au India inashushwa, na msimulizi anaingia juu yake kwa Kiswahili, kwa Sheng au kwa Kiganda. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anaeleza nani ni mwizi na nani ni mjinga, anaongeza nasaha, anamcheka shujaa mahali ambapo mwongozaji alitaka tulie. Watu waliojaa kwenye mabenchi ya kibanda hawakuipata filamu iliyotoka kiwandani, walipata nyingine. Hall angetumia kurasa nyingi kueleza kinachofanyika mle ndani kwa dakika tisini.

Sasa angalia Nairobi Half Life inavyoanza. Mwas, anayechezwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anayeuza DVD. Ili mteja anunue, Mwas anaigiza filamu yenyewe papo hapo: anapiga kelele, anarusha mikono, anakuwa shujaa na adui kwa zamu. Watu wengi hulichukua tukio hilo kama kichekesho cha kutufanya tumpende. Mimi naona ni maelezo kamili ya kijana huyu. Kabla hajawa mwizi, kabla hajawa hata mtu wa mjini, Mwas ni mtazamaji, tena mtazamaji anayefanya kazi. Amechukua picha zilizotengenezwa na watu wasiomjua na kuzigeuza kuwa riziki yake. Nairobi anayoiendea ameshaiona. Ameiona kwenye filamu.

Mji unampokea kama tujuavyo. Anaporwa mara tu anapofika, na muda si muda yumo mikononi mwa polisi. Selo ndiko filamu inakotulia kidogo. Choo kimejaa na kufurika, wenyeji wa selo wanampa mgeni kazi ya kukisafisha, na Gitonga haondoi kamera upesi ili kutuhurumia. Mwas anashtuka, anasita, kisha anaifanya kazi ile kama mwigizaji aliyepewa nafasi na kuamua kuicheza hadi mwisho. Humo selo ndimo anamokutana na Oti, anayechezwa na marehemu Olwenya Maina, na kupitia kwa Oti anaingia kwenye genge.

Kuna jambo dogo katikati ya filamu ambalo huwa nalisimamia nikiifundisha. Genge la Oti lilikuwa la wezi wa vipuri: vioo vya pembeni, taa, vitu vya kuchomolewa gizani. Anayependekeza wapande daraja, waanze kupora magari mazima, ni Mwas, kijana aliyetoka kijijini juzi. Filamu haituelezi kwa maneno kwa nini iwe yeye. Lakini tumeshaona alichokuwa akiuza.

Hapo Stanley Cohen anatusaidia kuliko Hall. Cohen alizaliwa Johannesburg mwaka 1942, akaenda London kufanya utafiti wa uzamivu juu ya kisa kilichoonekana kidogo: Pasaka ya mwaka 1964, katika mji wa pwani wa Clacton, makundi mawili ya vijana wa Kiingereza yalizozana, vioo vikavunjwa, pikipiki zikapita kwa fujo. Magazeti yaliandika kana kwamba mji mzima umetekwa. Hakimu akatoa adhabu kali, wanasiasa wakadai sheria mpya, na katika sikukuu zilizofuata vijana wengi zaidi walikwenda pwani, sasa wakiwa wamevaa na kujipanga kama magazeti yalivyowaeleza. Katika kitabu chake cha mwaka 1972 Cohen alionyesha mzunguko huo: jamii iliyopata wasiwasi hujichagulia kundi la kulibebesha hofu zake, inalichora kwa mistari minene, na kundi lenyewe huanza kuishi kwa kuufuata mchoro huo, kwa sababu ndio pekee lililopewa.

Nairobi ya miaka iliyotangulia filamu hii ilikuwa na mchoro wa namna hiyo. Mwaka 2008 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti iitwayo The Cry of Blood kuhusu vijana waliouawa au kupotea wakati wa operesheni dhidi ya kundi la Mungiki. Februari 2009 Philip Alston, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, alifika nchini kuchunguza mauaji ya polisi na kueleza kwamba yamekithiri. Siku chache baada ya ziara hiyo wanaharakati wawili waliompa taarifa, Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu, walipigwa risasi ndani ya gari lao jijini Nairobi. Januari 2011 gazeti la Daily Nation lilichapisha picha za askari waliovaa kiraia wakiwaua vijana watatu kwenye barabara ya Langata, mchana, huku magari yakipita. Wapo wananchi waliojitokeza kuwatetea askari wale. Walikuwa wamekwisha kusimuliwa, mwaka baada ya mwaka, kijana wa aina ile ni nani na mwisho wake ni upi.

Kwa hiyo mwisho wa Nairobi Half Life, ambapo vijana wanafia mikononi mwa askari waliokuwa wakishirikiana nao, haukuhitaji kubuniwa sana. Na hapa filamu inafanya kitu ambacho filamu nyingi za magenge hazikifanyi. Kufikia wakati huo tumeshakaa na vijana hawa. Tumewaona wakitaniana, wakigawana vijisenti, wakiogopa. Risasi inapolia, mtazamaji hayuko barabarani ndani ya gari lake akipita, yuko chumbani pamoja nao. Gitonga amembadilishia mtazamaji mahali pa kusimama, na hilo naliona ni tendo la kisiasa kuliko hotuba yoyote iliyomo kwenye filamu.

Ila nafasi hiyo haikugawiwa kwa wote. Mwas anatoka hai, na kinachomwokoa ni jukwaa. Sambamba na wizi, amefanya usaili kwenye kundi la Phoenix na kupata nafasi katika tamthilia, akicheza na kina Cedric, vijana waliolelewa Nairobi nyingine. Sikiliza lugha tu. Nyumbani kwa kina Mwas ni Kikuyu. Kwenye genge ni Kiswahili cha mtaani na Sheng, na humo ndimo filamu inapochangamka, maneno yanarushwa na kudakwa. Kwenye jumba la maonyesho ni Kiingereza, na mwili wa Mwas unabadilika anapoingia, mabega yanashuka, anakuwa mwangalifu. Filamu inamwokoa kijana anayeweza kuvuka kwenda huko na kuwaacha sakafuni wasioweza. Mwishoni Mwas anazungumza jukwaani juu ya kuona na kukataa kuona, na hadhira ya watu wenye nafasi zao imeketi mbele yake. Wengi wamelisifu tukio hilo. Kila nikilitazama huwa nauliza kwa nini kifo cha Oti lazima kiwe somo kwa watu wale waliokaa vitini, na kwa nini aliyebaki kulifikisha ni yule tu aliyefaulu usaili.

Mhusika Amina anaonyesha kasoro ya aina nyingine. Laura Mulvey, katika makala yake ya mwaka 1975, alieleza jinsi sinema ya Hollywood ilivyomweka mwanamke kama kitu cha kutazamwa na mwanamume kama mwenye macho na mwenye safari. Amina ni mpenzi wa Oti, anajiuza, na Mwas naye anavutwa kwake. Nancy Karanja anampa utu mwingi kuliko mswada ulivyompa. Lakini jaribu kueleza Amina anataka nini maishani mwake, bila kumtaja Oti wala Mwas, uone utafika wapi. Filamu za vijana wa mjini, za kwetu na za kwingine, ni filamu za wavulana. Mji ni wa wavulana kuuvamia, na msichana ni mojawapo ya mambo wanayoyakuta huko. Hilo peke yake lingetosha kuifanya Rafiki iwe filamu ya maana, kwa kuwa Kena anazunguka mtaani kwa ubao wake wa magurudumu, anacheza mpira na wavulana, anasaidia kwenye duka la baba yake, na kamera inatazama mtaa kwa macho yake. Mtaa wenyewe una rangi: kuta za waridi, kamba za nguo, nywele za Ziki. Kahiu amekuwa akisema kwa miaka kwamba Afrika ina haki ya sanaa ya furaha, sanaa isiyolazimika kufundisha juu ya vita, ukame au maradhi.

Fedha zinaingia wapi? Nairobi Half Life ilitokana na One Fine Day Films, kampuni iliyoanzishwa na mwongozaji wa Ujerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann, wakishirikiana na Ginger Ink ya Nairobi. Kampuni hiyo iliendesha mafunzo kwa watengenezaji filamu vijana wa Afrika, na kabla ya hapo ilitoa Soul Boy ya Hawa Essuman, iliyopigwa Kibera. Watu wengi wenye kazi nzuri Nairobi leo walipita kwenye mafunzo yale, na sina nia ya kuwabeza waliotoa fedha. Najaribu tu kufuata mkondo wake. Filamu inayolipiwa na taasisi za Ulaya na kuanzia safari yake kwenye tamasha ina mtazamaji wake wa kwanza, ambaye ni mwamuzi wa ruzuku. Anasoma mswada kutoka Nairobi na anauliza, kwa nia njema kabisa, una umuhimu gani. Umuhimu, kwa mazoea ya sekta hiyo, ni umaskini, uhalifu, vita, dhuluma. Kijana wa Kayole aliyekosa usingizi kwa sababu ya mtihani wa uhasibu hana umuhimu wa aina hiyo.

Gitonga mwenyewe ametupa kipimo. Mwaka 2018 alitoa Disconnect, aliyoiongoza pamoja na Michael Jones: marafiki wa Nairobi wenye kazi, nyumba nzuri na matatizo ya mapenzi. Mwongozaji ni yule yule, jiji ni lile lile, na wahusika ni watu ambao Nairobi imejaa nao. Filamu ya kwanza ilimletea Wairimu tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban na kuizungusha dunia. Ya pili ilipata watazamaji wake nyumbani, baadaye ikaingia Netflix, lakini sijaona wahadhiri wa ughaibuni wakiipangia semina. Sisemi Disconnect ni filamu bora, kwa maana si bora. Nasema kwamba kijana wa Nairobi anayekunywa kahawa na kukosea katika mapenzi haonekani kuwa ushahidi wa jambo lolote, kwa hiyo hatafutwi.

Vuka mpaka uende Dar es Salaam, ukute mambo yamepinduka. Tangu Girlfriend ya mwaka 2003, filamu za Bongo zilikua bila ruzuku ya maana kutoka nje. Zilirekodiwa upesi, zikauzwa kwa VCD na DVD, mara nyingi kwa sehemu ya kwanza na ya pili, na aliyelipa alikuwa mtu wa Manzese, Mwanza, Tabora, Bujumbura au Lubumbashi. Huyo alitaka kuona nini? Alitaka kuona sebule. Sofa kubwa, pazia zito, ngazi za ndani, geti linalofunguliwa na mlinzi, gari linaloingia taratibu. Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 na kuzikwa Kinondoni mbele ya umati ambao jiji halikuwa limeuona kwa msanii wa filamu, alivaa suti katika nyumba za aina hiyo filamu baada ya filamu. Vijana wa Bongo Movie wanasalitiana, wanalogwa, wanalia sana. Wanaishi Mbezi na Mikocheni. Ukiondoa mtumishi wa ndani, hujui nani kati yao anafanya kazi, na kazi gani.

Wasomi wetu wengi waliziona filamu hizo kuwa uongo mtupu, wakizipima na maisha halisi ya uswahilini. Nadhani kipimo hicho kilikuwa na haraka. Msichana wa Manzese aliyenunua DVD ile hakuwa amedanganywa kuhusu mtaa wake, anaujua mtaa wake vizuri kuliko mhakiki yeyote. Aliitazama sebule kwa macho ya mtu anayepima: hii ndiyo nyumba yenyewe, na humo ndani nako watu wanateseka. Hall angeita hiyo nafasi ya mapatano. Anakubali anasa na kukataa somo, au kinyume chake, kutegemea amekaa na nani. Kama kuna upungufu, uko kwingine, na Gaye Tuchman aliueleza mwaka 1978 alipozungumzia wanawake katika vyombo vya habari vya Marekani: kundi linaweza kufutwa kwa kutoonyeshwa, au kwa kuonyeshwa kidogo na kwa dharau, mpaka likawa kama halipo.

Maana ukiziunganisha Nairobi ya ruzuku na Dar ya DVD, unapata kijana mwenye bastola na kijana mwenye ngazi za ndani, na katikati yao pengo kubwa ambamo wanaishi karibu vijana wote wa miji hii. Yuko wapi utingo anayeamka saa kumi alfajiri? Mwanafunzi wa chuo anayepika kwa zamu na wenzake wanne? Binti wa saluni anayesuka tangu asubuhi huku akisikiliza siri za wateja? Kijana wa bodaboda mwenye mkopo wa pikipiki? Anayefungua duka la M-Pesa la mjomba wake na kusubiri? Kusubiri hasa ndiko kunakokosekana. Mtu aliyemaliza shule Mombasa, Kampala au Mwanza anajua kwamba ujana wa mjini sehemu kubwa ni kungoja: matokeo, mkopo, simu, nafasi. Mlipaji wa Ulaya haoni tukio katika hali hiyo, na mlipaji wa Manzese anayo ya kutosha nyumbani kwake.

Filamu chache zimejaribu pengo hilo. T-Junction ya Amil Shivji, ya mwaka 2017, inawaweka wasichana wawili wa Dar kwenye korido za hospitali na kuwaacha wazungumze, na mtaa wa wachuuzi unakuja kwetu kupitia masimulizi ya mmoja kwa mwenzake. Naitaja kwa sababu mapigo yake ni ya polepole, na katika upole huo vijana wanapata muda wa kuwa watu kabla hawajawa tatizo la mtu.

Lakini mlipaji si mwamuzi wa mwisho. Mbele yake kuna mlango. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ya Kenya, Sura ya 222, ilitungwa mwaka 1962, chini ya utawala wa Waingereza, na uhuru ulipokuja ilirithiwa. Inamtaka anayeomba leseni ya kupiga filamu aambatishe maelezo kamili ya matukio yote na maneno yote yatakayosemwa. Fikiria maana yake kwa filamu ya vijana wa mtaani, ambao uhai wa mazungumzo yao ni kile kinachozuka pale pale. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sababu zake za kutaka kujua mapema Mwafrika atasema nini mbele ya kamera. Nchi huru imekuwa na zipi?

Mlango huo ndio uliofungwa mbele ya Rafiki, Aprili 2018, wakati filamu yenyewe ikiwa njiani kuwa ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika uteuzi rasmi wa Cannes. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, ili filamu itimize sharti la kuonyeshwa nyumbani na iweze kufikiriwa kwa Oscar. Nairobi ilipanga foleni. Watu walijaa kumbi mchana wa siku za kazi. Mwishowe Kenya ilituma filamu nyingine, Supa Modo ya Likarion Wainaina, filamu nzuri inayohusu mtoto anayekufa.

Ndipo narudi kwenye suala la mwisho wa filamu. Tumezoea kutafuta ujumbe katika matukio ya katikati: bangi, matusi, mavazi. Anayetaka kujua filamu inamfikiriaje kijana wa mjini aangalie nani anafika dakika ya mwisho akiwa hai, na kwa sharti gani. Mwas anafika kwa sharti la kipaji na Kiingereza. Katika Bongo Movie, binti aliyetoroka kijijini hufika akirudi nyumbani, ametubu na mara nyingi ni mgonjwa. Kena na Ziki walitakiwa wajutie ndipo wakubalike. Mtoa kibali anaelewa uwezo wa dakika ile kuliko wahakiki wengi, ndiyo maana aliacha mengine yote na kuugusa mwisho.

Juni 2024 vijana wa Kenya walichukua kazi ya kujichora mikononi mwao. Walipoandamana kuupinga Muswada wa Fedha na kuingia Bungeni tarehe 25, mji ulikuwa na maelfu ya kamera na hapakuwa na mwongozaji. Serikali iliwaita wahalifu. Mchoro wa zamani ulitolewa kabatini saa ile ile. Ila safari hii waliochorwa walikuwa na picha zao wenyewe: msichana anayemwaga maji usoni mwa mwenzake aliyepigwa gesi, wavulana waliobeba bendera na simu, kicheko, hofu, mtu ameanguka. Mwaka uliofuata BBC ilitumia zaidi ya picha na video 5,000 kutengeneza Blood Parliament, ikiwafuatilia waliofyatua risasi siku ile. Onyesho lililopangwa Nairobi likafutwa kwa shinikizo, na mwanzoni mwa Mei 2025 polisi wakawakamata watengenezaji filamu wanne wakiwashuku kuhusika, ingawa BBC ilisema hawakushiriki.

Hao wanne ni vijana wa mjini pia. Siku hiyo kosa lao lilikuwa kudhaniwa kwamba wameshika kamera.

Kwa hiyo mashirika ya ruzuku yanayosema yanataka sauti za vijana wa Afrika yaanze kufadhili filamu ambayo hakuna anayekufa ndani yake. Tamasha la Zanzibar na yale ya Nairobi yaipe filamu hiyo usiku wa ufunguzi, mahali pa heshima. Vyuo vyetu vinavyofundisha filamu viwarudishe DJ Afro na Lufufu darasani kama wanadharia, kwa maana ndivyo walivyo. Na Bunge la Kenya likifute kifungu kinachodai maneno yote ya filamu yapelekwe ofisini kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Hicho kingeweza kufutwa mwaka huu huu, bila kumgharimu mlipa kodi hata senti moja.